Macho ya Bwana Korabski

Nilikuwa napaka manyoya ya kola yake. Kazi hiyo haitaki pupa: unagusa bati kwa ncha ya brashi, unainua, unagusa tena, unywele baada ya unywele. Mwenye kola, Bwana Ksawery Korabski, alikuwa amekaa mbele yangu kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya magoti, akihema kama mtu aliyepanda ngazi ndefu. Yeye alitaka picha ya jeneza lake. Mimi nilitaka aibu yake. Wote wawili tulikuwa tunangoja bati moja.

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua nilivyofika hapo. Aliyelifungua gazeti hili leo nitamweleza kwa maneno machache, asije akaniona mwanamke katili bure.

Babu yangu alikuwa fundi bati wa jumba la akina Korabski, kijijini Lubosza. Vita ilipokuwa inaelekea kwisha na kila mtu anapora, aliingia kanisani akazishusha ukutani picha za wafu wa ukoo ule. Zote ni za bati. Akazipaka lami, akazigeuza uso chini, akazipigilia misumari kwenye paa la banda letu la kuku. Zikakaa huko mpaka babu akafa na baba yangu, Walenty Szulc, akaota mvi. Kuku wetu walitaga chini ya mabwana na mabibi, na wanajeshi waliopita kutafuta mali hawakuwahi kutazama juu.

Serikali ya zamani ilipoanguka, Bwana Ksawery akarudi kutoka ughaibuni kudai jumba lake. Baba akazing'oa picha zote, akampelekea kwa mkokoteni. Bwana Ksawery akamshika mkono na kumnywesha vodka. Jumapili iliyofuata akasimama kanisani, akatangaza kwa masikitiko kwamba picha ya Bi Eufemia, bibi aliyelianzisha kanisa lile, haikuwemo. Akina Szulc, akasema, lazima wameiuza.

Ilikuwemo. Niliisafisha kwa mikono yangu kabla haijapanda mkokoteni. Chunjua iliyokuwa kidevuni mwa Eufemia naijua kama ninavyoijua njia ya kwetu.

Tangu siku hiyo baba alisali akiwa amesimama mlangoni, kwenye upepo, kwa sababu kila benchi aliloliendea lilikuwa limejaa ghafla. Alisimama pale mpaka alipokufa. Waliokuja kumzika wangeenea kwenye mkokoteni wake.

Wiki iliyopita niliwaacha pale Bwana Ksawery alipoingia karakana yangu mjini, mzee, moyo umechoka, akaniita Bi Rataj, jina la marehemu mume wangu, na kuniomba nimchore. Hakunitambua. Ndivyo nilivyodhani.

Sasa sikilizeni nilichokuwa nimekipanga.

Picha ya jeneza si picha ya sebuleni. Ni bati la pembe sita linalofungwa kichwani mwa jeneza, na misa nzima marehemu anawatazama waliokuja kumuaga. Koo nyingine ziliuacha mtindo huo zamani sana. Akina Korabski hawakuuacha, na wana sharti lao juu yake: mchoraji anamaliza kila kitu mwenye picha akiwa hai, isipokuwa macho. Macho hutiwa akishakufa, kabla jeneza halijafungwa.

Na macho ya Korabski hutazama mbele. Lubosza nzima inajua maana yake. Huyu anaondoka hana kesi na mtu.

Ni mmoja tu kati yao aliyechorwa akitazama pembeni. Jina lake Hipolit. Alimnyang'anya mjane shamba, na ndugu zake wenyewe wakamwambia mchoraji ayapeleke macho kando. Mifupa yake imekwisha kuwa udongo, lakini hadi leo mtoto wa Lubosza akishikwa na uongo, wenzake wanamwita Hipolit, na anakwenda kwao analia.

Basi mimi nilitaka kumfanya Bwana Ksawery awe Hipolit. Sikuhitaji kumtukana wala kumgusa. Ningemwacha afe kwa wakati wake, kisha ningeyapeleka macho yake pembeni kwa brashi ndogo kuliko zote nilizo nazo. Alale pale mbele ya watu, asiweze hata kugeuza shingo.

Nilikuwa mtulivu siku hiyo. Hata Pelagia alinisifu kwa utulivu.

Pelagia ni mtumishi wa jumba, mjane aliyeolewa Lubosza baada ya mimi kuondoka. Yeye ndiye aliyemleta bwana wake kila mara, na wakati mimi nachora yeye alikaa karibu na jiko akila viazi kwa maziwa ya mgando na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba.

"Bi Rataj, mbona kidevu kimoja?" alisema siku hiyo. "Mwenzio ana viwili. Cha pili nimekipika mimi, usinidhulumu."

"Wewe ukifa, Pelagia," Bwana Ksawery akajibu bila kutikisa kichwa, "tutakuchora kwenye kifuniko cha sufuria."

"Sawa tu. Ila kiwe cha ile kubwa."

Nilicheka. Niliona vibaya kucheka na mtu ninayemchimbia shimo, lakini nilicheka.

Vumbi lilikuwa limetua kwenye paji la uso wa bati. Nikachukua mkate mweusi, nikachomoa nyama yake ya ndani, nikaibinyabinya mpaka ikawa tonge laini, nikaipitisha juu ya rangi iliyokauka. Nilipoinua macho nikaona Bwana Ksawery ananitazama mkono.

Akamwambia Pelagia amkumbuke mwenye duka la tumbaku. Pelagia akasema daktari amekataza tumbaku. Akamwambia basi akanunue isiyokatazwa. Mama wa watu akajifunga kitambaa kichwani, akatoka akinung'unika.

Mlango ulipofungwa, mzee akasema, "Sasa tuongee, binti Szulc."

Brashi haikuanguka. Nataka mjue hilo. Niliiweka kwenye kikombe taratibu, nikajipangusa vidole.

"Umejua lini?"

"Siku ya kwanza. Ulipochukua mkate." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Baba yako alifanya hivyohivyo mbele yangu. Alimpitishia babu yangu, yule wa kwenye picha, tonge la mkate shavuni, utadhani anamfuta mtoto makombo. Sijamwona mtu mwingine akifanya vile."

Nikamwuliza kwa nini basi alirudi tena, na tena.

Akanieleza. Sitayaandika maneno yake yote, kwa sababu mengi yalikuwa ya kujitetea, na mtu anayejitetea hukanyaga njia ileile mara nyingi. Jumba lilikuwa linavuja. Alikuja mnunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka, akazitazama picha, akamtaka Eufemia peke yake. Bwana Ksawery akamuuzia, akafunga mdomo. Kisha padri akauliza Eufemia yuko wapi, na jina la baba yangu likawa karibu na ulimi wake kuliko la kwake.

"Nililichukua lililokuwa karibu," alisema. "Nilidhani litapita."

"Lilipita wapi?"

Alikuwa analitazama bati, pale penye mashimo mawili ya rangi ya udongo ambapo macho yake yangekaa.

"Nataka nikuombe kitu," akasema. "Nikifa, nichore nikitazama pembeni."

Jaribuni kukaa kwenye kiti changu. Mtu umenoa kisu chako msimu mzima, unakificha hata kwa nafsi yako, halafu mbuzi anaingia mwenyewe, analala chini, anakuonyesha shingo. Nilipaswa kusema asante. Badala yake nilisikia damu inapanda mpaka masikioni.

Kwa maana niliona anachokifanya. Hata hiki alitaka kiwe chake. Kisasi changu kilikuwa kitu pekee ambacho akina Korabski hawajakigusa, na sasa yeye anakiagiza kama mtu anayeagiza kola.

"Hapana," nikamwambia.

"Ndicho ulichokuwa unakitaka. Nimekuona unavyoyapita macho yangu kila siku."

"Ukishakufa, aibu itakuwa ya bati. Baba yangu alisimama mlangoni akiwa hai. Alikuwa anasikia wanavyomcheka kwenye mabenchi ya nyuma. Na wewe utasimama palepale ukiwa hai."

Nikampa masharti yangu, polepole, ili yasimpotee hata moja. Jumapili, misa ikiisha, kabla watu hawajainuka, yeye ataondoka kwenye benchi la ukoo, atakwenda mpaka mlangoni, atasimama kwenye upepo, na atasema kwa mdomo wake nani aliyemuuza Eufemia. Akifanya hivyo, nitamchora akitazama mbele. Neno langu ni hilo.

Alinisihi. Mwanawe, Tytus, alikuwa amehamia Lubosza juzijuzi tu, analigeuza jumba kuwa hoteli, na picha za ukoo ndizo zilizokuwa za kuwavutia wageni. Tytus alizaliwa na kukulia ughaibuni na hakujua lolote. Alikuwa ameambiwa kwamba picha zilifichwa na padri, kwenye mnara wa kengele.

Hapo ndipo niliposimama. Kumbe hata banda letu la kuku alikuwa amelifuta.

"Jumapili," nikasema.

Tukasikia viatu vya Pelagia ngazini. Bwana Ksawery akanyanyua mkono, uso wake umepata rangi kidogo, kama mtu aliyeona upenyo.

"Nimwambie Pelagia sasa hivi? Mbele yako. Yeye akijua, kabla ya jua kuzama kijiji kizima kimejua. Niruhusu nianze na yeye."

Soma tena hayo maneno, wewe unayenisoma. Alikuwa tayari. Shahidi alikuwa ngazini, mwenye mdomo mpana kuliko wote Lubosza, anapanda kwa miguu yake mwenyewe. Nilichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa.

"Pelagia hatoshi," nikamwambia. "Nataka kanisa zima."

Mlango ukafunguka. Pelagia akaingia na pakiti ya majani ya chai, akasema hiyo ndiyo tumbaku isiyokatazwa. Bwana Ksawery akaipokea kwa heshima, akainusa, akasema haijawahi kutokea tumbaku mbaya vile. Akavaa koti. Mlangoni akageuka.

"Jumapili, Bi Rataj," alisema.

Nilifurahi. Sitawadanganya. Nilimsindikiza kwa macho kutoka dirishani akivuka barabara ameshikwa mkono na mtumishi wake, na nilihesabu kila alipojikwaa kama mtoto anayehesabu peremende.

Ijumaa nilipanda basi nikaenda kaburini kwa baba. Nikaondoa majani makavu, nikawasha mshumaa, nikamwambia mambo yalivyo. Nikamwambia ajiandae, Jumapili atapata kiti.

Jumamosi niliamka na kuyapiga pasi mavazi yangu ya kanisani. Nilikuwa bado na pasi mkononi wakati mlango ulipogongwa.

Alikuwa Tytus. Sikuwahi kumwona karibu. Ana pua ya Hipolit na kidevu cha baba yake, kile kimoja. Alikuwa ameshika kofia, na kabla hajafungua kinywa niliiona suti yake nyeusi.

Baba yake alikuwa amefariki asubuhi ileile, mezani, bakuli la supu liko mbele yake.

Nilimkasirikia marehemu. Watu wanasema msiba unaondoa hasira. Wangu haukuondoa kitu. Nilisimama pale na pasi ya moto nikimchukia kwa kufa, nikimwona amenikimbia kama mtu anayeruka uzio na viatu mkononi. Kesho. Nilikuwa nimebakiza kesho tu.

Tytus aliongea kwa adabu. Alisema Pelagia amemweleza sharti la ukoo. Misa ya mazishi ni Jumanne; jeneza litafungwa kesho jioni, na Pelagia atalipitia bati baada ya misa ya Jumapili. Aliomba niyamalize macho kabla ya hapo.

"Yatazame mbele," akasema. "Kama ya wote."

Nikamwuliza kama baba yake alisema neno lolote mwishoni. Pelagia je, alikuwepo?

Pelagia alikuwa kanisani, akipanga maua. Alikuwepo Tytus peke yake.

"Alinishika mkono kwa nguvu," alisema, na sasa sauti ilianza kumponyoka. "Akawa anasema kuku. Kuku, Tytus. Banda la kuku. Mimi nikamwambia, baba, sisi hatuna kuku. Akatikisa kichwa, akarudia tena. Nilidhani anaweweseka. Nikamwambia sawa baba, tutanunua kuku."

Alijaribu kutabasamu, akashindwa, akaigeuza kofia yake mara kadhaa.

Nilikaa chini. Pasi niliiweka kwenye jiwe lake, nikakaa.

Hakungoja Jumapili. Alikuwa ameanza. Alikuwa ameanza na mtu wa karibu zaidi, na mtu huyo hakujua hata kwamba Lubosza iliwahi kuwa na kuku wenye paa la thamani namna ile.

Nikamwambia Tytus banda lile ni la nani. Nilimweleza yote kwa mpangilio: babu, lami, misumari, mkokoteni, Eufemia na chunjua yake, mlango wa kanisa. Sikupaza sauti. Nilidhani ukweli ukielezwa taratibu utaingia wenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa unajifunga kidogo kidogo, kama dirisha la duka jioni.

"Kwa hiyo wewe ni Szulc," akasema.

"Ndiyo."

"Na ulikaa na baba yangu humu ndani wiki zote hizi, unamchora, unacheka naye, ukijua hilo."

"Naye alijua."

"Nani alimsikia akisema anajua?"

Nikafungua mdomo. Akilini niliziona ngazi za siku ile, nikasikia viatu vya Pelagia vikipanda. Nikaufunga.

"Mwili wa baba haujapoa," Tytus akasema, "na wewe unaniletea kesi ya kuku."

Akalisogelea bati. Akalitazama kwa muda, kola, mikunjo ya shavu, mdomo ambao niliupata vizuri kuliko nilivyotaka kuupata. Alipogeuka alikuwa mpole tena, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko ukali.

Alisema hatanisumbua, na hatatafuta mchoraji mwingine, kwa sababu baba yake alinichagua mimi. Ila macho yale yakienda pembeni hata kwa unene wa uzi, atasimama mbele ya jeneza awaambie watu wa Lubosza nani aliyeshika brashi.

"Nitawaambia ni binti Szulc," alisema. "Baba aliiba picha, mtoto ameiharibu nyingine. Hawatauliza zaidi. Unawajua kuliko mimi."

Ninawajua.

Akavaa kofia, akashuka. Hakubamiza mlango.

Nilirudi kwenye meza, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nikaligeuza bati lipate mwanga wa dirisha. Nikasaga rangi nyeupe na tone la mafuta ya kitani, nikaongeza kijivu kidogo, maana weupe wa macho ya mzee si mweupe. Nikaijaza kwenye mashimo yote mawili, kope kwa kope.

Nikawaza nikiwa naipaka. Nikimchora akitazama mbele, Jumanne baba yangu atakufa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Nikimchora pembeni, hakuna atakayemwona Hipolit, watamwona Szulc. Na kulikuwa na jambo la tatu lililonikera kuliko hayo mawili. Nilimpa mzee neno langu: ukisema, utatazama mbele. Je, alisema? Alisema kuku. Alisema kwa pumzi aliyokuwa nayo, kwa mtu aliyekuwepo. Nani atapima kama hiyo inatosha? Mimi, niliyesema Pelagia hatoshi?

Rangi nyeupe lazima ishike kwanza ndipo mboni ziwekwe juu yake, la sivyo zinatambaa. Haishiki kabla ya asubuhi. Kengele za misa zitalia, na Pelagia atafika baada yake.

Nikachanganya rangi ya mboni mapema, ile buluu iliyochuja ya macho yake, ili kesho mkono usipate kisingizio. Kwenye ukingo wa ubao wa rangi nikajaribu jozi moja ikitazama mbele. Pembeni yake nikajaribu jozi nyingine ikitazama kando.

Nilisogea nyuma nizitazame kwa mbali, jinsi watu watakavyomtazama kutoka mabenchini.

Zote mbili zilikuwa yeye.

Nikaufunika ubao kwa kitambaa kibichi, nikaiosha brashi ndogo, nikailaza karibu na bati.